Deni la Matone

Kadutu, mvua haibishi hodi.
Inapenya tundu la msumari, inalala juu ya randa,
alfajiri chuma kimeota kutu
kama harara shingoni mwa mtoto.

Mwaka wa kwanza nilipaka mawese.
Patasi zikanata, vumbi la mbao likaganda,
usiku panya wakaja kulamba msumeno.
Fundi Cirhuza alicheka hadi kikohozi.

Sasa navuka mfereji kwa Nsimire mshonaji,
kifuniko cha chupa mkononi.
Mafuta ya cherehani. Anayahesabu kwa sauti:
moja la meno ya msumeno,
moja la parafujo ya randa,
mawili ya patasi, mbele na nyuma,
nasugua kwa kipande cha suruali iliyostaafu.
La tano kwenye bawaba ya koleo, lisinung'unike.

Randa nailaza ubavu.
Kisu chake hakilalii simenti.

Nadaiwa matone mia mbili na kumi.

Jana mguu wa meza yake ulivunjika.
Nikapiga randa mguu mpya, mkaratusi mkavu,
unyoya ukatoka mrefu, bila kukatika.
Akaupapasa mguu, akatafuta mkwaruzo, akaukosa.

"Mia mbili nimeyafuta," akasema.
"Kumi bado."