Rafu ya Igoma

Bandani kwa Nyanzobe, Mabatini,
mchezo mia tano, pedi moja imelegea.
Lushinge anabonyeza duara:
beki anateleza, winga anapaa,
anabingirika mara tatu, anashika goti,
refa anatoa njano,
kisha winga huyooo, anakimbia,
soksi nyeupe pe.

"Uongo mtupu," anacheka Masalu,
mguu wake juu ya kreti ya soda,
vyuma vinne ndani, vya Bugando.
Uwanja wa Igoma hauna vitufe.
Una changarawe, na mlio
kama muwa ukivunjwa gotini.

Lushinge hacheki.
Rafu ile ilikuwa yake.

"Zamu yako," anasema,
anampa pedi nzima,
yeye anabaki
na ile iliyolegea.