Vya Kukaanga Bado

Laki moja na arobaini nililipa,
noti za elfu kumi kumi zenye vumbi la viazi,
kwa kuwa zilikuwa za mama, za magunia ya Umalila,
akanikopesha huku akiuliza,
"Na hiyo sahani, inaliwa na nini?"

Mwezi wa sita, Mbeya. Loleza umejigubika ukungu
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.
Bandani kwangu Soweto watoto waliingia na makoti ya baba zao,
wakapuliza viganja kwanza
ndipo washike pedi.
Mechi moja mia tano, aliyefungwa ampishe mwenzake.
Mechi mia mbili na themanini, diski ingekuwa imejilipa.
Nilihesabu kwa chaki nyuma ya mlango.
Nilifika mia moja na tisa

umeme ukakatika, ukarudi na hasira,
mashine ikatoa moshi mwembamba, wa adabu,
ikanyamaza.

Diski ilibaki nzima. Hata mkwaruzo haina.
Nikaifuta kwa shati, nikampelekea Tusajigwe,
dada yangu, anayesoma chuo kule Iyunga.
Akaigeuza kompyuta yake pande zote nne:
haina mdomo.
"Gemu hii ipo ya kompyuta pia. Inanunuliwa mtandaoni."
"Imeshanunuliwa."
"Na nani?"
"Na mimi."
Akanitazama kama karani wa benki.

Nikasimama. Nikahutubia dirisha:
Mama akiuza viazi Mwanjelwa,
mnunuzi akavichemsha, au akavikaanga,
au sufuria ikatoboka akavifukia kwenye jivu la moto,
je, mama humfuata jikoni kwake
kumwambia, "Vya kuchemsha nilikuuzia. Vya kukaanga bado"?
Wachezaji ni walewale.
Nyasi zilezile. Mwamuzi yuleyule asiyeona penalti.
Hata kelele za mashabiki walizirekodi mara moja.
Basi mimi nilinunua nini?
Kama ni plastiki, mbona ghali,
na kama ni mchezo, mbona umefia
kwenye mashine ya mtu mwingine?
Wanipe ule wa pili bure! Nilipiga meza.

Tusajigwe alikuwa anapuliza chai.
"Fundi Mwaisaka alikushonea koti," alisema.
"Ukitaka na suruali, utamwambia ashone bure,
maana vipimo vyako anavyo?"
"Nitaleta kitambaa."
"Leta. Na mkono wake?"

Kisha akanieleza jambo nisilolijua.
Muhula uliopita aliandika programu ya kikoba cha kina mama,
ndogo tu, ya kujumlisha hisa na faini, kwenye simu.
Katibu akaitaka kwenye kompyuta.
Kila kitufe kiligoma. Herufi zilikimbilia pembeni.
Wiki tatu, usiku, na blanketi mabegani,
na alipomaliza, mama mzazi, mama yetu huyuhuyu, akasema,
"Lakini si ni ileile?"
"Nilicheka," Tusajigwe alisema. "Halafu nikaenda chooni kulia."

Nikakaa.
"Basi nusu bei," nikasema, baada ya muda.
"Nusu ya wiki tatu ni ngapi?"
Sikumjibu. Sijamjibu mpaka leo,
na bado naamini nimeibiwa,
na bado nikimwona na macho mekundu asubuhi
namwekea sukari ya ziada.

Banda nimelifunga. Chaki bado inasema mia moja na tisa.
Diski aliichukua mama,
akaifunga uzi, akaitundika katikati ya njegere.
Jua likivunja ukungu, saa nne hivi,
inazunguka, inawatupia ndege vipande vya mwanga,
nao wanahamia ng'ambo ya shamba
kula kwa raha zao.

Jana kanisimamisha mlangoni, jembe begani,
anauliza kwa upole kabisa
kama ukinunua moja kule
huwa hawakupi na ya pili.