Swali la Arobaini na Saba

Ofisi wanaitaka Ijumaa.
Trevor wa stoo kaniletea maboksi tisa ya ndizi,
bado yananukia ndizi, na mvua ya Norwich
inagonga dirisha kama mtu asiye na haraka.

Boksi la kwanza: tasnifu. Kurasa mia tatu na kumi
juu ya makorongo ya Kondoa,
udongo mwekundu unavyoaga,
tani ngapi kwa hekta, kwa mwaka, kwa jedwali.
Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, koti la kuazima,
na Kiingereza nilichokipiga pasi kila asubuhi
kabla ya kukivaa.

La pili, la tatu: maombi ya fedha.
Wafadhili hubadili neno kila miaka mitano.
Tulianza na hifadhi ya udongo,
yakaja maendeleo endelevu,
ukaja ushirikishwaji (lo, tulishirikisha!
tuliwakalisha watu juani wachore kwa vijiti
njia wanazozijua tangu wakinyonya),
ukaja ustahimilivu.
Korongo halikupata barua ya mabadiliko hayo.
Liliendelea kula mashamba kwa jina lake la zamani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikuja mara kumi na nne.
Nikapona mimi: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi,
kiti cha uprofesa chenye magurudumu,
nyumba ya matofali karibu na mto Wensum
na mwaridi ambao sikuupanda.

Madodoso yamepiga umanjano kingoni.
Hili ni la Mwajabu binti Hija, kaya namba 112.
Mwandiko wangu, majibu yake:
Mbuzi sita. Watoto watano, hai wanne.
Maji, mwendo wa saa mbili.
Swali la arobaini na saba: Je, una lolote la kuongeza?
Alingoja nimalize kuchonga penseli.
"Andika kwamba hili ni dodoso la nne.
Andika kwamba mbuzi hawajui kusoma."
Nikaandika. Kisha, huku chuoni,
nikalitia jibu lake katika fungu la Mengineyo,
asilimia mbili nukta moja.

Mwaka jana, si kwa utafiti, nilipanda basi
hadi kijiji kimoja cha pwani ya Norfolk
ambako bahari inamega genge
kama mtoto amegavyo mkate, bila kuangalia.
Doreen Pask, miaka themanini na mmoja,
alinikaribisha jikoni. Toka sinki hadi ukingoni
zimebaki hatua kumi na tisa.
Marehemu mumewe alihesabu mia mbili.
Alidhani nimetumwa na halmashauri.
"Wewe wa tano," akasema, akisogeza biskuti.
"Wote huja na kalamu nzuri."

Sikuwa na kalamu.
Nilimsaidia kuhamisha kabati la vyombo
toka ukuta wa bahari hadi ukuta wa barabara,
sahani moja moja, tukizifunga kwa gazeti,
na sote wawili tunajua
kwamba hizo ni futi nane tu.
Katika miaka yangu yote ya miradi
sijapata matokeo ya haraka kama hayo.

"Haya makuukuu nayatupa?" Trevor anauliza.
Kanuni za data zinasema ndiyo, muda umepita.
Rafuni imebaki chupa ya jemu,
sampuli 112-B, mfuniko umeng'ang'ana.
Naugonga ukingoni mwa meza mpaka unasalimu amri.
Nachovya kidole nilicholowesha, naonja:
chuma, na chumvi kidogo, na vumbi
la njia niliyopita kwa gari la mradi
vioo vikiwa juu.

"Hilo acha," namwambia. "Hilo nabeba mwenyewe."

Basi la saa kumi na moja, ghorofa ya juu, kiti cha mbele.
Mvua. Wanafunzi wanacheka na simu zao.
Kaya mia nne na tatu magotini mwangu,
zinanukia ndizi,
na kijana wa jirani anasogea kidogo
ili zipate nafasi.