Kona ya Nyuma, Kushoto

Nilidhani ni chupa imeanguka butini.
Nikasimama kando ya barabara ya Pellon, mvua ya rasharasha,
nikatoa vyote: mwavuli, viatu vya kazini,
mfuko wa viazi, kiti cha mjukuu.
Nikaendesha gari tupu.
Bado. Ko. Ko-ko. Ko.

Dalili ya mvua ni mawingu.
Dalili ya hii, hapa Halifax penye vilima na mawe,
ni mtu asiyeonekana anayebisha hodi nyuma yako
kila upitapo tuta, na haingii.

Volvo ya mwaka tisini na nane, stesheni wagoni,
ndefu kama jeneza la twiga.
Niliinunua kwa mjane, Bi Doreen Greenwood:
pauni mia sita, chai, biskuti mbili.
Marehemu mumewe alijenga kuta za mashambani,
zile zinazosimama bila saruji, jiwe likiegemea jiwe.
"Hakuwahi kubeba kitu kizito humu," aliniapia.
"Mawe tu."

Jumapili nikaipeleka kwa Ghazanfar Mahmood,
miaka thelathini na moja karakana ya mabasi,
sasa amestaafu, ila mikono haijaambiwa.
Hakugusa spana. Alichuchumaa nyuma ya gari
akalitazama kama unavyomtazama mtu anayechechemea
naye hajui kwamba anachechemea.
Akatoa futi kamba. Katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi:
kulia, sentimita thelathini na nane.
Kushoto, thelathini na tano na kitu.
Hicho "kitu" alikirudia mara mbili.

Kisha akaikandamiza kona kwa uzito wake wote, akaachia.
Gari lenye afya hupanda mara moja, likatulia.
Langu lilipanda, likashuka, likapanda tena,
kama mgeni aliyekwisha kuaga, kafika mlangoni,
kakumbuka neno moja.
"Shokamzoba," nikasema, nijionyeshe.
"Hiyo ni nusu. Ingia butini. Ruka."

Basi nikaruka, mwanamke wa miaka hamsini na mbili,
sare ya kulelea wazee, kichwa kikigusa dari,
mapazia ya majirani yakifunguka upana wa kidole,
naye amelala ubavu kwenye lami iliyolowa,
sikio karibu na gurudumu:
"Tena. Polepole. Tena. Hapo!"

Jeki, kisha stendi mbili,
maana jeki hukopesha tu, haitoi.
Kisha tochi. Akanionyesha kimoja kimoja
bila haraka, kama anayesoma wosia:
shokamzoba inatoka jasho la oili, vumbi limeganda juu yake;
bushi imepasuka kama kisigino cha kiangazi;
tairi, pitisha kiganja, lina mawimbi,
limekuwa likirukaruka, halikanyagi.
Halafu akagonga kitu kwa ukucha, akataja neno
nililolisikia mara ya mwisho kwa babu,
saa yake ya ukutani imefumuliwa juu ya mkeka:
"Kamani."
Kwenu pia? nikauliza.
"Kwetu pia kamani. Na gari ni gari."
Tukacheka, wawili tumeinama kwenye tope,
na kamani yenyewe imekatika pete ya chini kabisa,
kipande kimeangukia barabara nisiyoijua.

"Zitabadilishwa zote mbili."
Lakini ya kulia ni nzima.
"Nzima? Hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba ya mwenzake."
Sikujibu. Nilijikuta nimeshika kiuno.

Chini ya tairi la akiba tulikuta jiwe bapa,
la kijivu, limechongwa upande mmoja tu.
Alilipima mkononi, akasema si baya,
akaliongeza mbele ya gurudumu la mbele, kabari.

Gari halitoki hadi Alhamisi.
Usiku nimepanda basi kwenda zamu,
nikakaa kiti cha nyuma, kushoto,
pale ambapo watu hawapendi.
Kwenye tuta la kwanza nikashika pumzi.