Spana Namba Kumi na Tisa

Wamekutaja, Nyamvula binti Mwachiro,
na ukumbi mzima umesimama.
Mimi nilikuwa nimesimama tangu asubuhi,
mlangoni, funguo za karakana kiunoni.

Msemaji asoma sifa zako kwenye karatasi ya kung'aa:
mhandisi wa maji, shahada mbili, mabomba ya Mtongwe.
Hakuandikiwa usiku ule wa kipindupindu
ulipofukua mtaro Likoni, tumbo la miezi saba,
kina mama wakikumulikia kwa simu
mpaka mfereji ukakohoa kutu,
ukakohoa tena,
kisha ukanena maji.

Hakuandikiwa pia kwamba nakudai.
Daftari ninalo: spana namba kumi na tisa,
imeazimwa Jumatano, itarudi kesho.
Kesho yako, mwanangu, imekuwa miaka kumi na minne.

Washuka na ngao mkononi,
wawapita wakubwa wa meza ya mbele, wazipita kamera,
waja hadi mlangoni.
Wafungua mkoba.
Meno yamelika, mpini umeng'aa kwa kiganja.

"Pokea, Ami Shekuwe."

Nimeipima uzito. Nimekurudishia.
Daftarini nitaandika: bado iko kazini.