Sifuri za Eduvina

Saa mbili kamili asubuhi, Eduvina Colque ndiye huyo,
akifungua kijilango cha waya,
akipuliza vumbi mdomoni mwa faneli,
akitoa bilauri yenye mistari na kuiinua
mpaka iwe sawa na jicho.
Sifuri nukta sifuri.
Aliandika kwa wino, si kwa penseli.

Miaka kumi na tisa hivyo, huku Atakama,
ambako mwavuli ni kitu cha jua.

Mwalimu mgeni akamuuliza: si uache wazi tu, si yale yale?
"Wazi maana yake sikuja," akasema.
"Sifuri, nilikuja nikatazama."

Nilikuwa darasa la nne. Alitufundisha
kwamba maji hupanda kingo za kioo kama mtoto mtundu:
usisome yalipopanda, soma tumbo lake lilipotulia.
Kwamba milimita moja ni lita moja
iliyotandazwa juu ya mita mraba. Akaimimina kweli,
kwenye bati alilolikunja kingo, nasi tukacheka:
kina chenyewe, sisimizi angevuka bila kuloa magoti.

Kisha usiku mmoja wa Machi mabati yakaanza kusema.
Mbwa waliozaliwa ukame wakalibwekea paa.
Kulipokucha kijiji kizima kilikuwa nyuma yake,
viatu mkononi, tope mpaka kifundoni,
na mzee Faustino, ambaye ukuta wake wa udongo
ulikuwa umelala chini pamoja na kuku wawili,
wa kwanza kuuliza.

Mbili nukta nne.

"Mbili tu? Na ukuta wangu?"
"Ukuta hauna safu humu," akajibu,
huku akikokotoa pembeni mwa daftari:
uwanja wa shule, mita mraba mia sita,
lita elfu moja mia nne na arobaini.
Faustino akanyamaza, midomo ikichezacheza,
akiyageuza madumu. Sabini na mawili.

Kesho yake: sifuri nukta sifuri, wino ule ule.

Sasa daftari ni langu. Nimelipitia lote.
Siku moja tu iko wazi, ya Agosti,
alipokwenda kumzika mwanawe Iquique
na basi la kurudi likaharibika njiani.
Majirani wote wanasema siku ile lilikuwa jua.
Najua. Agosti huwa jua.
Kalamu imeshafika juu ya kile kisanduku mara mbili,
nikairudisha.