Boksi la Kumi

Kanuni ni fupi, Mladinić ameibandika ukutani:
katika kila maboksi kumi, la kumi hubaki.
Tisa hupanda lori la manispaa
hadi tanuri la hospitali, kila Ijumaa, saa nne.
"Rafu hazizai, Ondina," huniambia,
akipangusa miwani kwa ncha ya tai.

Nina mihuri miwili. Wa buluu: HIFADHI.
Mwekundu: TEKETEZA.
Wino mwekundu ndio huisha kwanza.

Hapa Punta Arenas upepo ni kibarua asiyelipwa:
hufungua mlango, hupekua, hutawanya,
huondoka bila kutia saini.
Mimi nimekaa na glovu zangu, na kikohozi cha vumbi la karatasi,
na kahawa iliyopoa tangu asubuhi.

Stakabadhi za makaa ya mawe. Mwekundu.
Maombi ya alama za masikio ya kondoo, mashamba mia mbili,
kila sikio limechorwa kwa penseli, pembe yake imekatwa.
Mwekundu, ingawa mkono ulisita.
Barua ya karani aombaye jiko.
Barua ya pili ya karani huyohuyo, aombaye jiko.
Jibu: ombi lako linashughulikiwa.
Mwekundu, mwekundu, mwekundu.

Boksi la saba lilikuwa la leseni za mbwa.
Nani atauliza, miaka tisini baadaye,
habari za mbwa waliolipiwa peso mbili?
Mbwa: Capitán. Rangi: mweusi, kifua cheupe.
Mmiliki: Bwana Jerko Kusanović, mwenye duka.
Mbwa: Pulga. Mmiliki: mjane Oyarzún.
Halafu, ukurasa wa arobaini na moja, mwandiko umeinama
kama wa mtu anayenusa chakula cha mchana:
Mbwa: Lucero. Rangi: kijivu. Jicho la kushoto halioni.
Mmiliki: mwanamke wa mitumbwi.
Jina: —

Kistari tu. Kirefu kama sindano.

Na amelipa. Peso mbili kamili, zimegongewa mhuri.
Alisimama kwenye dirisha hilihili
ambalo leo natundika koti langu kando yake.
Karani aliuliza mbwa anaitwaje,
akatajiwa, akaandika.
Swali la pili hakuuliza.

Bibi mzaa mama alizaliwa mtumbwini, ndivyo tulivyoambiwa.
Sisemi ni yeye. Kazi yangu hainipi ruhusa ya kusema.
Nasema tu kwamba nyumbani mbwa watatu, mmoja baada ya mwingine,
waliitwa Lucero, na hakuna aliyejua kwa nini.
Ni jina la kawaida. Nimehesabu:
daftarini humo wako kumi na wanne.

Wasemao mali bila daftari huisha bila habari
hawakuniambia, daftari lenyewe likiisha,
habari yake huandikwa wapi.

Alhamisi jioni Mladinić alikwenda kwa daktari wa meno.
Nikachemsha birika, nikabandua lebo mbili kwa mvuke.
La saba likawa la kumi.
La kumi likawa la saba.
Kazi ya dakika nne,
baada ya miaka ishirini na sita ya kutobandua chochote.

Ijumaa lori likaja.
Lile lililokuwa la kumi lilikuwa zito:
dereva alilituliza gotini kwanza, ndipo akalirusha.
Sikuwa nimelifungua.
Nilijua nikilifungua nitatafuta jingine la kubadilishana nalo,
na jingine, na jingine, hadi lori liondoke tupu
na mimi niondoke nalo.
Lakini lina ukurasa wake wa arobaini na moja, sina shaka.
Kuna mtu humo amesimama dirishani,
ameshika pesa zake mkononi,
anangoja aulizwe.

Saa tano moshi wa hospitali ulilala ubavu,
upepo ukausukuma hadi kwetu, ukaingia bila kubisha hodi.
Nilipiga chafya.
Kisha nikauchukua muhuri wa buluu,
nikaugonga juu ya leseni za mbwa.
Ulitoka mzito, ukachuruzika kidogo.
Wino wake ni mwingi. Hautumiki sana.